Daudi alimuuliza Siba

Masomo ya wiki: 2 Samweli 4:4, 9:1–13, 16:1–4, 19:24–30

 

Mwezi Juni, baridi ikiwa imeuma kweli, kwaya yetu ilikwenda kutembelea kituo kimoja wanakolelewa watu wenye ulemavu. Sitakitaja. Kiko kando ya barabara kuu, mahali fulani kati ya Iringa na Mbeya, na barabara hiyo ni ndefu. Tulibeba sukari, miche ya sabuni, mablanketi na ndoo mbili za maparachichi. Tuliimba nyimbo nne, tukapiga picha. Mama mlezi, mchangamfu, mwenye sauti inayoamrisha na kubembeleza kwa pamoja, alitutembeza chumba kwa chumba.

Barazani, kwenye kiti cha magurudumu kilichopoteza tairi moja la mbele, alikaa kaka mmoja wa miaka thelathini na kitu. Mwili wake hukakamaa na neno humtoka kwa shida. Niliinama nikamsalimu, nikamuuliza habari za hapa. Akaanza, "Vi... vi..." shingo ikimtetemeka. Mama mlezi akadakia: "Anasema amefurahi sana, Baba Mchungaji!" Nikaitikia "Amina." Vigelegele vikapigwa. Tukaomba, tukaondoka.

Tuliposimama Makambako kunywa chai, mwalimu wa kwaya, mtu asiyesema sana, alikoroga kikombe chake muda mrefu kisha akaniuliza: "Mchungaji, hivi neno 'amefurahi' linaanzaje na 'vi'?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana wiki hii nimemrudia Mefiboshethi.

Wengi wetu tunamjua kwa ile sura ya 9 tu, anapoletwa kutoka Lo-debari, nyumbani kwa Makiri, kuja kula mezani pa mfalme Daudi. Ni hubiri tamu la neema. Nami nimelihubiri mara nyingi, hata kwenye harusi moja ambako halikuwa na kazi yoyote. Lakini maisha yake hayakuishia mezani, wala hayakuanzia hapo. Ukizifuata sura zote nne utakuta habari ya mtu aliyepita mikononi mwa walezi wawili.

Wa kwanza ni yaya. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari za kufa kwa baba yake Yonathani na babu yake Sauli zilipofika kutoka Yezreeli. Yaya akamnyakua na kukimbia. Katika ile haraka mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Yaya huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hatusomi kwamba alikuwapo wa kumpokea mzigo. Maandiko hayamlaumu, nasi tusimlaumu.

Wa pili ni Siba. Mtumishi wa siku nyingi katika nyumba ya Sauli, mwenye wana 15 na watumishi 20. Daudi alimpa kazi ya kulima mashamba ya Mefiboshethi na kumletea mavuno. Tazameni mpango wenyewe ulivyokaa: shamba ni la Mefiboshethi, ufunguo wa ghala uko kwa Siba. Na wakati huo Mefiboshethi si mtoto tena. Ana mwana wake mdogo, Mika. Ni baba wa mtu, mwenye urithi wake.

Kisha Absalomu, mwana wa Daudi, anaasi, na Daudi anakimbia Yerusalemu. Njiani Siba anamtokea na punda wawili waliotandikwa, mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 ya kiangazi na kiriba cha divai. Daudi anamuuliza Siba bwana wake yuko wapi. Siba anajibu kwamba amebaki mjini, anangoja kurudishiwa ufalme wa babu yake. Palepale, bila kutuma mtu kuhakikisha, Daudi anampa Siba mali yote.

Vita vinapokwisha Daudi anarudi, na Mefiboshethi anatoka kumlaki. Hajaosha miguu, hajakata ndevu, hajafua nguo tangu siku mfalme alipoondoka. Anaeleza kwamba alitaka kutandikiwa punda aende na mfalme, kwa kuwa yeye ni kiwete, na mtumishi wake akamhadaa kisha akamsingizia. Wahubiri husema ile miguu isiyooshwa ilikuwa alama ya maombolezo. Sawa. Mimi, tangu Juni, naisoma pia kama muuguzi angeisoma: mtu aliyezoea kusaidiwa, na msaidizi ameondoka na punda. Maana wale punda ndio waliokuwa miguu yake. Siba alichukua miguu ya mtu akaipakia mikate, akampelekea mfalme zawadi.

Na Daudi, akishaujua upande wa pili, anafanya nini? Anachoka na maneno. Anaamuru wagawane shamba, Siba nusu na Mefiboshethi nusu. Ni hukumu ya mfalme mwenye haraka ya kufika nyumbani. Wazee wa kanisa wenzangu, hukumu hiyo tunaijua. Tumeitoa mara nyingi, chini ya jina la upatanisho.

Ninachotaka kukisema wiki hii kimo katika lile swali la njiani. Daudi alimuuliza Siba. Alikuwa na mashaka juu ya Mefiboshethi, akamuuliza anayemtunza. Nasi tunapofika kwenye kituo, au kwenye nyumba yenye mtu mzima mwenye ulemavu, tunafanya hivyohivyo. "Anaendeleaje huyu?" Swali linampita kichwani mwenyewe aliyekaa pale, linakwenda kwa aliyesimama nyuma ya kiti. Na kama aliyesimama nyuma ya kiti ndiye anayemwumiza, jibu litakuwa lilelile: amefurahi sana.

Julai nilirudi kituoni peke yangu, bila sukari. Nilimwomba mama mlezi niketi na yule kaka. Akavuta kiti chake akae nasi. Nikamwambia, "Asante mama, tutazungumza sisi wawili." Hakupenda, ila alikwenda. Nilimuuliza kaka lile neno la Juni, nikangoja. Mchungaji si mtu wa kungoja. Kazi yetu imetuzoeza kusema wengine wakinyamaza. Mara tatu nilitaka kummalizia neno, mara tatu nikajiuma ulimi. Ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi, na neno lilikuwa moja: viatu. Krismasi usharika mmoja ulimletea raba nyeupe, jina lake limeandikwa ndani kwa kalamu. Alizivaa siku ya picha.

Nilipotoka niliangalia miguu ya watu kama fundi viatu. Kijana wa zamu, pale getini, alikuwa na raba nyeupe.

"Ni viatu tu, Mchungaji," mama mlezi aliniambia, naye hakuwa anatania. "Huyu hatembei. Vya nini?" Nilitaka kumuuliza kama miguu isiyotembea haisikii baridi ya Juni, lakini wakati huo kijana wa zamu alipita na sahani, akamwelekezea yule kaka kidole na kuuliza: "Hiki kimeshakula?"

Hapa naomba tusimame kidogo, maana swali la yule kijana limenifundisha kuliko semina. Kiswahili chetu kimewaweka watu wengi wenye ulemavu katika ngeli ya ki-vi: kiwete, kipofu, kiziwi, kilema. Wapo wanaosema lugha yenyewe imewahesabu kuwa vitu. Nadhani ni kuionea, kwa sababu kiongozi naye yumo humo, na kijana, na kinyozi. Tena sarufi ina haki yake: jina likishatajwa, kitenzi humrudishia mtu utu wake. Kiwete amekuja. Kipofu anaimba. Husikii mtu akisema kiwete kimekuja, ila pale moyo unapokuwa umeshamwondoa mtu katika watu. Siku hizi tunafundishwa kusema mtu mwenye ulemavu, asiyeona, mwenye ulemavu wa akili, na ni vizuri. Lakini unaweza kusema "mtu mwenye ulemavu" mbele ya wageni, na wageni wakiondoka ukauliza kama kimeshakula. Mkitembelea kituo chochote, tegeni sikio kwenye vitenzi.

Nami sikuwa na la kujivunia. Katika sala yangu ya Juni niliwaombea "watoto hawa." Mmoja wa watoto hao ana mvi. Ukimwita mtu wa miaka 40 mtoto, unakuwa umeshajibu maswali mengi bila kumuuliza: kama anataka kuoga sasa au baadaye, kama anataka kuogeshwa na mwanamume au mwanamke, kama ana fedha, kama ana mpenzi, kama anataka hata kukaa mahali pale. Mtoto huamuliwa. Na mtoto akilalamika tunasema atazoea.

Turudi kwa yaya. Madhara mengi yanayowapata watu walio chini ya matunzo hayatoki kwa watu wakatili. Yanatoka kwenye haraka, uchovu na upweke wa mlezi. Mlezi mmoja usiku kwa watu 12. Mama wa kijijini, awe wa Iringa au wa Mbeya, aliyembeba mwanawe mgongoni tangu utotoni na sasa mwana ana miaka 28, mama ana miaka 60, mgongo umekwisha, akienda shambani anafunga mlango kwa nje kwa sababu hana mwingine wa kumwachia. Yule mama ukimwita mnyanyasaji utakuwa umemwongezea jiwe. Anahitaji jirani wa kukaa Jumanne na Alhamisi. Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba zinaweza kufanya hilo kesho bila kusubiri mfadhili.

Ila haraka ikifanywa na serikali au shirika, huua watu wengi kwa mara moja. Afrika Kusini, mwaka 2016, idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba na vituo vya Life Esidimeni ili kubana matumizi. Watu wapatao 1,700 wenye ulemavu wa akili na magonjwa ya akili walihamishwa kwa pupa, wengi wao wakapelekwa kwenye vikundi vya kiraia. Profesa Malegapuru Makgoba, aliyekuwa msimamizi wa malalamiko ya afya nchini humo, alipochunguza alikuta vikundi 27 vilikuwa vinafanya kazi bila leseni halali. Baadhi ya ndugu hawakuambiwa wapendwa wao wamepelekwa wapi. Walikufa watu 144, wapo waliokufa kwa njaa, kiu na baridi. Mwaka 2018 Jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliamuru familia zilipwe fidia. Hakuna aliyeamka asubuhi akakusudia kuua watu 144. Walikuwa na bajeti na tarehe ya mwisho, na hakuna aliyemuuliza mgonjwa kama amekula.

Siba ni habari nyingine, na tusimchanganye na yaya. Siba ana mpango. Anajua mtu huyu hawezi kuoga bila yeye, hawezi kufika polisi bila yeye, hawezi kusema mbele ya watu bila yeye kutafsiri. Utegemezi huo kwake ni mtaji. Wizi wa fedha ndio mwanzo tu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Basi katika mtaa wako tazama zile mbili: jina lililoandikwa kwenye kikundi ni la nani, na kuku wako bandani kwa nani? Ruzuku ya TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, inapofika kwenye kaya, aliyesababisha kaya ihesabiwe maskini anaonja nini? Siba wa leo hahitaji punda. Anahitaji dole gumba la mtu mwingine kwenye karatasi.

Na kuna yale tunayoyasema kwa sauti ya chini. Binti mwenye ulemavu wa akili ameonekana ana mimba, na nyumbani hakuna mgeni aliyeingia. Kaka kiziwi ana alama za fimbo, na ishara alizofanya hakuna aliyezisoma. Kikao cha familia kinakaa, mzee wa kanisa anaalikwa, mbuzi anatajwa. Binti mwenyewe yuko jikoni, hajaitwa. Tunamwuliza Siba. Kisha tunagawanya shamba.

Ndugu wazee, sikilizeni. Kubaka ni jinai, na meza ya usharika si mahakama. Sheria yetu ya Ushahidi haimfungii mtu mlango kwa kuwa ana ulemavu. Humtazama mtu mmojammoja: je, anaelewa anachoulizwa na anaweza kutoa jibu lenye maana? Asiyeweza kusema anaruhusiwa kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Kwa hiyo msiwe mahakama ya kwanza ya kumwambia binti kwamba hawezi kushuhudia. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, bila kumwogesha na bila kufua nguo alizovaa, maana dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na ushahidi hutoka na maji. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 hutolewa hapo polisi. Tafuteni mkalimani wa lugha ya alama kupitia CHAVITA, chama cha viziwi. Msimtumie ndugu wa nyumbani kutafsiri, kwa sababu ambayo Mefiboshethi angewaeleza vizuri.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Ibara ya 16 ya mkataba huo inazitaka nchi ziwalinde watu wenye ulemavu dhidi ya unyonyaji, ukatili na unyanyasaji, ndani na nje ya nyumba, na inataka huduma zinazowahusu zikaguliwe na chombo huru. Zikaguliwe na chombo huru, yaani si na mama mlezi, wala na kwaya iliyokuja na sukari.

Hata hivyo, mtu mzima mwenye ulemavu bado anaanguka katikati ya mabenchi mawili. Namba 116 ni simu ya msaada kwa mtoto. MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kupambana na ukatili, herufi zake za mwisho ni wanawake na watoto. Ni mambo mema yote, na dada mwenye ulemavu anaingia humo. Lakini yule kaka wa viatu si mwanamke wala si mtoto, na akipigwa leo usiku sijui mlango ulioandikwa jina lake uko wapi, isipokuwa ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, ambayo kwa kiti chenye tairi pungufu ni safari ya siku nzima. Labda ndiyo maana tunaendelea kuwaita watoto; angalau mtoto ana namba ya simu.

Sasa kwetu, kanisa. Tumekuwa kwenye kazi hii muda mrefu. Lutindi, kule Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Historia hiyo ni ya kushukuru. Lakini nimegundua kwamba shukrani inaweza kuwa pazia. Tukiulizwa, "Nani anakagua kituo chenu?" tunajibu, "Sisi ni watumishi wa Mungu," kana kwamba swali limejibiwa. Siba naye alikuwa mtumishi.

Mtu mmoja niliyempenda kwa miaka mingi ni Jean Vanier, aliyeanzisha jumuiya za L'Arche kule Ufaransa mwaka 1964, wenye ulemavu wa akili na wasio nao wakiishi nyumba moja. Jumuiya hizo zilifika hata Kenya na Uganda. Nilimtumia kwenye mahubiri. Alikufa Mei 2019, watu wakimwita mtakatifu aliye hai. Februari 2020 L'Arche yenyewe ikatangaza matokeo ya uchunguzi iliouagiza: aliwadhulumu kingono wanawake sita, akitumia maneno ya kiroho. Ripoti ndefu zaidi ya Januari 2023 ikataja wanawake 25. Wanawake hao hawakuwa watu wenye ulemavu, na ni haki kulisema hilo. Lakini L'Arche hawakujificha nyuma ya hilo. Walimwuliza asiyekuwa Siba, wakaandika jibu, wakalitangaza, ingawa lilibomoa picha ukutani. Nilitoa picha yangu pia. Mahali pake kwenye ukuta wa ofisi pana weupe wa mstatili hadi leo.

Juu ya minyororo nitasema kwa kifupi, kwa sababu ina aibu ya kwetu sote. Oktoba 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti likionyesha kwamba watu wenye matatizo ya afya ya akili wanafungwa minyororo au kufungiwa vyumbani katika nchi zipatazo 60, jirani zetu Kenya wakiwamo, na kwamba baadhi ya mahali hapo ni pa maombi. Mchungaji yeyote wa nyanda hizi aliyezunguka vya kutosha amewahi kuona kamba mahali ambapo ilitakiwa kuwapo dawa. Nimeona. Nilipita. Niliambiwa ni kwa usalama wake mwenyewe, nami sikumuuliza mwenyewe.

Niwapeleke sasa mahali pa furaha kidogo. Mjini Iringa kuna Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Walianza na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye ukafunguliwa mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Ukiingia pale na njaa yako, wewe unayesikia ndiye mwenye upungufu. Unataka kahawa, hujui ishara yake, unaandika au unaonyesha kidole, na mhudumu anakungoja kwa subira, pengine kwa kicheko kidogo. Mara ya kwanza niliona aibu ya mtu asiyejua lugha ya nyumba aliyoingia. Dakika tano hivi. Yule kaka wa barazani anaishi ndani ya dakika hizo tano mwaka mzima, na hajawahi kuonyeshwa orodha ya vyakula. Pale Neema mtu analipwa mshahara, na mwenye mshahara ana mfuko wake, na mwenye mfuko wake si rahisi kumvua viatu.

Mama mlezi nisimwache. Tumezungumza mara mbili tangu Julai. Amekaa pale miaka 11, hajapata likizo ya maana, mshahara huja ukija. Yeye ni yaya, nadhani, zaidi ya Siba. Anajibu badala ya watu kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa muda wa kungoja jibu. Kijana wa zamu ni habari tofauti, na zaidi ya raba yamejitokeza mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa yako ofisi ya ustawi wa jamii na polisi, ambako yalipaswa kuwa siku nyingi. Baadhi yenu mmenipigia simu mkisema ningeyamaliza kimyakimya, kituo kisipoteze wafadhili. Nimewasikia. Daudi naye alikuwa na ufalme wa kulinda siku ile.

Kwa hiyo kuna kikao cha wazee wa kanisa Jumatano. Ajenda ni namna sisi, usharika unaotembelea, tutakavyotembelea: bila kutoa taarifa ya wiki nzima, wawili wawili, mmoja akibaki na mlezi na mwingine akikaa na mtu mwenyewe, bila kamera. Nilipendekeza tumwalike yule kaka atueleze kwa kinywa chake anachoona kinafaa, hata kama kikao kitakwenda hadi jioni. Alipoulizwa, alikubali kabla sijamaliza swali. Tairi la mbele limepatikana kwa fundi baiskeli wa Sokomatola, Mbeya. Kikao tutakifanya nje, chini ya mparachichi, kwa sababu ofisi ya usharika ina ngazi nne, na katika miaka yote niliyoipanda sikuwahi kuzihesabu hadi wiki iliyopita.